Tupeane uzoefu: siku programu yako ilipogomewa na hifadhidata

Mleta mada:
Ndugu zangu, naomba tusimuliane yaliyotukuta katika kuunganisha programu na hifadhidata, nami nitaanza. Niliandika kwa lugha ya Java mfumo wa kupokea ada za shule unaohifadhi taarifa zake kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata, na kwa wiki tatu haukuleta shida yoyote. Siku ya kufungua shule, saa nne asubuhi, hifadhidata ikaanza kukataa wateja wapya ilhali seva yenyewe haikuelemewa hata kidogo. PostgreSQL isiporekebishwa hupokea miunganisho 100 tu, na 3 kati ya hiyo huwekewa msimamizi mkuu. Nilipoingia kwa akaunti hiyo na kufungua pg_stat_activity, orodha ya walio kwenye hifadhidata na wanachofanya, nikakuta ile 97 imeshikwa yote, karibu kila mmoja ukiwa umekaa bure. Mkosaji nilikuwa mimi. Namba ya risiti ilipojirudia, programu ilipata hitilafu ikatoka kabla ya kufika kwenye mstari wa kufunga muunganisho, hivyo kila risiti iliyokataliwa iliondoka na muunganisho wake. Niliuhamishia mstari huo mahali panapotekelezwa hitilafu itokee isitokee, kisha nikaweka akiba ya miunganisho 10 inayoazimwa na kurudishwa. Kumi ilitosha kabisa, jambo ambalo bosi wangu haliamini hadi leo.

Mchangiaji wa kwanza:
Kwetu kwenye SACCOS, kila asubuhi karani wa kwanza alikutana na kosa, akibonyeza tena anafanikiwa, hata wakazoea kusema kwamba kompyuta bado ina usingizi. Kumbe MySQL, hifadhidata tunayotumia, kwa kawaida hukata muunganisho uliokaa kimya kwa sekunde 28,800, yaani saa 8, na akiba ya programu yetu ilikuwa ikiulaza usiku kucha na kuugawa asubuhi kana kwamba ungali hai. Niliweka kila muunganisho ubadilishwe baada ya dakika 30, na malalamiko yakakoma.

Mchangiaji wa pili:
Mimi nilipoteza nusu siku kwa neno moja. Katika Linux, programu ya lugha ya PHP ikiambiwa MySQL iko «localhost», yaani kwenye mashine hiyohiyo, haipiti kwenye mtandao bali hutafuta faili la soketi, mlango wa mawasiliano ya ndani ya mashine ileile, na hifadhidata yangu ilikuwa ndani ya kontena, yaani imetengwa na mashine yenyewe, ikisubiri kwenye mlango wa mtandao, poti 3306. Nilibadilisha nywila mara tano bila sababu, nilipoandika 127.0.0.1, anwani ya mtandao ya mashine hiyohiyo, ikaunganika papo hapo.