Ushauri: kuna Jackson kafia Uingereza, nami ni Jackson

Mjukuu_wa_Jackson: Wakuu, nimeandikiwa barua pepe na wakili wa London. Kuna mzungu, jina la ukoo Jackson, kafariki bila mke wala mtoto, kaacha nyumba. Anatafutwa mwenye jina hilo, na jina langu la tatu ni Jackson. Nifanyeje?

Kisiki: Jackson ni mwana wa Jack, na Jack ni John huyohuyo kwa jina la mtaani. Kila kijiji cha Uingereza kilikuwa na Jack wake, na kila Jack na wanawe. Wewe babu yako alilipata kwenye maji ya ubatizo, mkuu.

MamaTatu: Jesse Jackson wa Marekani mwenyewe alizaliwa Burns, Jackson ni la baba wa kambo. Mimi kifungua mimba wangu nilimwita Jackson mwaka 2009, wiki ile Michael amekufa. Leo anaimba kama chura.

Mzee_wa_Gati: Mnamsahau Frederick Jackson, gavana wa Uganda 1911 hadi 1918. Kinyonga wa pembe tatu wa milima ya Kenya ana jina lake. Yule hatagi, anazaa. Naye aende akadai nyumba.

Fundi_Saa: Serikali ya kule ilikuwa ikitangaza bure mtandaoni mali za marehemu wasio na warithi, hadi 2025, na anayedai huthibitisha undugu wa damu. Jina tupu halitoshi. Umeshatuma hela?

Mjukuu_wa_Jackson: Siyo hela, ni ada ya kufungua faili.

Fundi_Saa: Shilingi ngapi?

Mjukuu_wa_Jackson: 480,000. Hela ya mchezo ya mke wangu, ndiyo kwanza zamu yake imefika. Bado sijamwambia. Ila barua ina muhuri wa simba, umekaa upande kidogo, na wakili mwenyewe anaitwa Jackson. Atamwibia ndugu yake?

Kisiki: Kama naye ni Jackson, si arithi yeye?

Nyuki_Mkali: Subirini kwanza. Mwezi wa tatu huyuhuyu alifungua uzi humu anatafuta mchumba, "sijaoa, sina mtoto". Hii chai.

MamaTatu: Tena ya tangawizi. Nami nilishaanza kumwonea huruma!

Mjukuu_wa_Jackson: Nilimpata kwenye uzi uleule, tukafunga ndoa mwezi wa tano. Acheni kunichimba. Nauliza kitu kimoja tu: pasipoti ya haraka inachukua siku ngapi?