Watoto baada ya vurugu za mtaani: tupeane uzoefu

Mama Wawili: Jamani, mtoto wa dada yangu ana miaka 6, tangu zile vurugu kaanza tena kukojoa kitandani na alishaacha zamani, mlango ukigongwa tu yuko chini ya meza. Mliopitia haya mlifanyaje?

Kaka Mkubwa: Poleni. Watoto husahau haraka, msimkumbushe tu.

Bi Subira: Hapo nakukatalia kaka. Hasahau huyo, ananyamaza. Siku ile risasi zilipoanza niliwalaza wanangu sakafuni nikawafunika godoro, nje watu wanakimbia wanapiga mayowe, mara jirani anagonga anaomba tufungue, nikafungua, akaangukia ndani mkono wote damu, watoto wanaona. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini baada ya hapo mwanangu mdogo mchezo wake ukawa huo huo kila siku, anamlaza mdoli chini, anamfunika shuka, anagonga ukuta "fungua! fungua!", akimaliza anaanza upya. Usiku mmoja akaniuliza, mama, walikuja kwa sababu mimi nilikuwa mtundu? Nilishikwa na uchungu sijui niseme nini.

Mzee wa Kona: Kwani huyo jirani alikuwa anatafutwa na nani?

Dada Neema: We nawe! Mtu anaeleza mtoto wake unauliza ya jirani?

Mzee wa Kona: Nimeuliza tu, usinipandishie.

Baba Pacha: Hiyo ya mchezo kweli tupu, wangu nao hivyo hivyo.

Kaka Mkubwa: Basi mpeni kidonge cha usingizi alale.

Nesi Mstaafu: Hapana jamani! WHO, Shirika la Afya Duniani, walishaandika 2013, dawa za usingizi jamii ya diazepamu mtoto asipewe kwa ajili ya mshtuko wa namna hii. Na kwa mkojo asichapwe wala asisemwe mbele za watu. Usimlazimishe kusimulia, ila akiuliza mjibu ukweli kwa maneno machache, na yule anayejilaumu aambiwe wazi, tena na tena, si kosa lako. Kula, kuoga, kulala viwe saa zile zile. Mwezi ukipita bado anashtuka na halali, au kabla ya hapo akisema anataka kufa, mpelekeni kwa mtaalamu.

Dada Neema: Mi naona apelekwe kwa bibi yake akapumzike.

Baba Pacha: Umtenge na mama yake saa hizi? Ndo utammaliza kabisa.

Mama Wawili: Asanteni. Tatizo dada mwenyewe halali, anakesha na video za tukio kwenye simu, mtoto yuko hapo hapo.

Bi Subira: Basi anza na dada yako. Mtoto anamsoma mama yake usoni. Hizo video zifutwe, halafu nenda ukae na watoto yeye alale.

Mama Wawili: Naenda kesho. Na shule arudi au asubiri?

Nesi Mstaafu: Kama njiani na shuleni pako salama arudi, hata nusu siku, ila mwalimu wake ajue mapema asije akamfokea akishtuka.