Rivolva ya .327: maganda yananasa, naomba ushauri

Wakuu, salamu kutoka Mafinga kwenye baridi. Ni rivolva ya .327 Federal Magnum, leseni ipo. Mazoezini natumia risasi fupi zaidi, .32 H&R Magnum, kwa sababu teke lake ni dogo. Tatizo ni ganda: la .32 lina urefu wa milimita 27.3, la .327 lina 30.5, hivyo masizi yanaganda mbele ya ganda fupi kama pete, ndani ya matundu ya silinda (sehemu inayozunguka na kubeba risasi). Baadaye .327 inaingia kwa kusukumwa, na kutoka ni ugomvi. Kulazimisha sitaki, maana mdomo wa ganda ukibanwa hapo presha inapanda.

Brashi ya shaba na kulowesha dakika 15 vimeondoa nusu tu. Niongeze muda, au brashi nene zaidi? Na kwa ukungu huu wa huku, silinda nipake mafuta kiasi gani yasifike kwenye fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi)?