Maziwa mabichi, ya kuchemsha au mtindi: yapi yanagusa jeni zetu?

Mfugaji_Njombe: Ndugu wanajukwaa, nyumbani tunakamua ng'ombe wawili. Baba hunywa maziwa mabichi, mke wangu huyachemsha, nami napenda mtindi. Nimesikia kwamba maziwa hubeba maikroRNA, yaani vipande vifupi vya RNA vinavyoweza kupunguza protini inayotengenezwa na jeni fulani, na kwamba moto huviharibu. Kwa afya, tuchague yapi?

Mwalimu_Bayolojia: Ndugu Mfugaji, hoja hiyo ina chanzo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska waliwanywesha watu wazima watano maziwa, kuanzia robo lita hadi lita nzima, wakaona maikroRNA mbili, miR-29b na miR-200c, zikiongezeka katika damu, huku shughuli ya jeni ya RUNX2, inayohusika na ujenzi wa mifupa, ikipanda kwa asilimia 31 katika baadhi ya seli za damu. Hata hivyo, watu watano ni wachache mno, na miR-29b ya ng'ombe inafanana na ya binadamu, hivyo kuipima peke yake hakuonyeshi imetoka kwa nani. Waliokagua upya madai hayo mwaka 2016 hawakuliona ongezeko hilo. Mimi nisingechagua maziwa kwa ushahidi huo.

Nesi_Tanga: Ni kweli kwamba usindikaji wa kiwandani hupunguza maikroRNA. Lakini moto ndio unaoua vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya bruselosisi, ugonjwa uleule unaowafanya ng'ombe watupe mimba, ambao humwachia binadamu homa ya kupanda na kushuka na maumivu ya viungo kwa wiki nyingi. Nimewahudumia watu waliotibiwa malaria mara mbili kabla ya kupimwa ugonjwa huo. Kaka, mwombe mzee, kwa heshima zake zote, akubali yachemshwe.

Binti_Simanjiro: Mtindi nao uanze na maziwa yaliyochemshwa yakapoa, ndipo yagandishwe. Faida yake ni kwamba bakteria hupunguza laktosi. Kwa watu wengi jeni ya LCT, inayotengeneza kimeng'enya cha kuimeng'enya sukari hiyo, hufifia ukubwani. Ila mwaka 2007 ilitangazwa kwamba baadhi yetu Tanzania na Kenya tuna badiliko la kurithi, kwenye nafasi ya 14010 ya DNA iliyo kabla ya jeni hiyo, linaloiacha iendelee kufanya kazi. Kunywa maziwa kwa wingi hakuiamshi.

Mfugaji_Njombe: Nawashukuru sana. Kuanzia kesho tutayachemsha yote, na ya baba tutampelekea yakiwa vuguvugu, kwa sababu hilo joto la kiweleni ndilo analolipenda.