Watunzi wa nyimbo na tamthilia zetu, hivi wanawake mnaowaandika mnawatoa wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Leo sizunguki, nimechoka.

Washa runinga saa tatu usiku, tamthilia yoyote. Utamkuta mke mvumilivu analia jikoni, mchepuko mwenye kucha ndefu anayekula hela za mume wa mtu, mama mkwe anayeshinda kwa mganga, na hausigeli anayemvizia baba mwenye nyumba. Ikiisha hiyo inaanza nyingine, majina mapya, watu wale wale. Akitokea mwanamke daktari au wakili, kazi yake hatuioni. Tunachoonyeshwa ni kwamba usomi umempa kiburi, kiburi kimemkosesha ndoa, na kabla hadithi haijaisha anapigishwa magoti aombe msamaha. Msamaha wa nini? Wa kusoma?

Bongo Fleva ndiyo usiseme. Ubeti wa kwanza anasifiwa kiuno, rangi na upole. Ubeti wa pili kaondoka, basi ni msaliti, anapenda pesa, alikuwa anachuna. Hakuna anayejiuliza labda aliondoka kwa sababu alikuwa anapigwa, au alichoka tu, au alipata kazi Mwanza. Na dada zetu wanaoimba, nawasema na ninyi kwa uchungu, maana nawapenda. Mipasho yenu mingi mnampasha mwanamke mwenzenu: nimekushinda, mume nimemchukua, kaa ulie. Mwanamume aliyewadanganya wote wawili hatajwi hata kwa nusu mstari. Anatoka kwenye wimbo akiwa safi kabisa.

Mimi nafundisha Kiswahili sekondari. Kila aliyepita kidato cha nne anakumbuka swali la nafasi ya mwanamke: amechorwa kama chombo cha starehe, amechorwa kama mama mlezi, amechorwa kama kiumbe asiye na maamuzi, toa mifano. Tunawakaririsha watoto haya, wanapata alama, halafu wanapanda daladala kurudi nyumbani wakiimba kwa moyo wote wimbo ambao mwanamke wake ni chombo cha starehe mwanzo mpaka mwisho. Kijana mmoja aliniuliza darasani, "Mwalimu, mbona nafasi ya mwanamume haiulizwi?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwenye nyimbo hizi mwanamume naye ni mfuko wa pesa. Akiwa nazo anapendwa, akifilisika anaachwa, na akilia ni kwa sababu hela imeisha. Wavulana wa miaka kumi na tano wanasikia hayo asubuhi na jioni, halafu tunashangaa wanapoamini kwamba bila gari hawana thamani, na kwamba binti akikataa kuwa nao basi amewakosea.

Najua jibu linalokuja: msanii ni kioo cha jamii. Jamii ipi? Hii yenye mama ntilie anayelipa ada za watoto wanne? Yenye wanawake wanaoweka hisa kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, na kujenga? Nchi hii tangu Machi 2021 inaongozwa na Rais mwanamke, lakini kwenye tamthilia zetu mwanamke bado hawezi kununua kiwanja bila kudhaniwa ana danga, yaani mwanamume wa kumhonga.

Jibu la pili ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba huo ndio utamaduni wetu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu kabla hajawa mwimbaji. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Walimwimbia kejeli kwa sura yake na kwa kutoka shamba, naye akajibu kwa wimbo kwamba si hoja uzuri wala nasaba, hasara ya mtu ni kukosa akili. Na hakuishia kujitetea. Aliimba kisa cha Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni Unguja kisha akatorokea bara, huku mahakama ikiwageukia wanawake waliokuja kutoa ushahidi. Alilitia hilo kwenye taarabu, watu wakalisikia. Bi Kidude akapita njia hiyo hiyo, akapiga ngoma na kuimba anavyotaka hadi uzeeni. Mnaposema utamaduni, hawa mmewaweka wapi?

Na msiniletee Mwana Kupona. Utendi wake wa 1858 ni wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake, na ndani yake kuna utii kwa mume, sikatai. Lakini aliyeuandika ni mwanamke, na tungo zake zinasomwa mpaka leo. Mnachukua mawaidha mnayoyapenda, mwandishi mwenyewe mnamsahau.

Riwaya nazo zilishatangulia. Kezilahabi mwaka 1971 alimwandika Rosa Mistika, na Rosa anakufa, ndiyo. Ila kabla hajafa, msomaji ameshaonyeshwa ukali wa baba yake Zakaria na wakubwa waliomtumia. Watunzi wa leo wameiga kifo tu, hilo swali la nani kamfikisha pale wakaliacha. Shafi Adam Shafi akamwandika Yasmini wa Vuta N'kuvute, binti anayeozwa kwa mzee Raza. Binti anatoroka, na riwaya haimuui kwa kutoroka kwake. Amil Shivji ameitengenezea filamu mwaka 2021, imeonyeshwa hadi Toronto. Kwa hiyo msiseme hadhira haitaki.

Sidai wanawake wote wawe malaika. Mwandikeni mwanamke mwizi, mlevi, mwongo, mradi awe na sababu zake mwenyewe na kazi yake mwenyewe, asiwepo pale kwa ajili ya kumfundisha mume wa mtu somo.

Kama kuna mtunzi humu ndani, ajitokeze atuambie nani anamzuia, ni mtayarishaji, ni kituo cha runinga au ni yeye mwenyewe. Na wenye kujua wimbo au tamthilia ya sasa yenye mwanamke wa namna hiyo, wekeni jina hapa chini. Nataka kuipeleka darasani muhula ujao.