Tupeane uzoefu: umewahi kukubali msimbo usiosomeka ili programu ikimbie kidogo zaidi?

Wakuu, habari za saa hizi.

Kazini kwetu kumewaka. Kijana mmoja kapita kwenye faili zetu za lugha ya C, kila palipo na x * 2 kaweka x << 1, yaani kusogeza biti hatua moja kushoto, jibu lilelile, eti inakimbia. Kompaila (programu zinazogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) zinafanya hivyo zenyewe miaka na miaka, kwa hiyo alichoongeza ni maumivu ya macho tu. Kuulizwa kama amepima, kimya. Nyie wenzangu, ni lini mlifanya kama yeye na ikalipa?

#2
Mimi ni mtu wa PHP, lugha ya kutengenezea tovuti. Nilirithi mfumo wa duka la jumla, aliyeutengeneza alikuwa muumini wa alama moja ya nukuu badala ya mbili, kwa sababu ya kasi. Wakati huohuo ukurasa wake wa mauzo unavuta orodha ya risiti, halafu kwa kila risiti unarudi kwenye databesi kuuliza jina la mteja. Risiti 200, maswali 201! Nikaunganisha kwa JOIN moja (swali moja linalochota risiti na majina pamoja), nikaweka indeksi, yaani orodha ya kutafutia haraka, kwenye tarehe. Ukurasa ukawa unafunguka papo hapo, na msimbo ukapungua urefu. Nukuu zake sikuzigusa.

#3
Nyie wa seva mna raha. Arduino Uno, bodi ndogo ya kuendeshea vifaa, ina chipu ya ATmega328P: megahezi 16, RAM kilobaiti 2, na desimali haizijui, kila moja inakokotolewa kwa programu. Kwenye mashine ya kutotoleshea vifaranga, joto la 37.5 nalihifadhi kama 375. Haipendezi, ila kigeu nimekiita joto_mara_10, anayekuja hana haja ya kunipigia simu.

#4
Mtakuja kunukuu makala ya mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth, 1974, kwamba kuhangaikia kasi mapema ndiyo mzizi wa maovu. Someni na maneno yanayoizunguka: tusahau vijinafuu takriban 97% ya wakati, lakini ile 3% nyeti tusiiachie. Makala hiyohiyo inasema fani nyingine za uhandisi hazidharau nafuu ya 12% ikipatikana kirahisi. Tatizo la wengi wetu ni kubahatisha 3% yenyewe iko wapi.

Mwanzisha uzi
#3 nimekuelewa, hapo hata mimi ningefanya hivyo. Kijana nimempa profaila (programu inayopima muda unaishia wapi) aendeshe mwenyewe. Kanitumia picha ya skrini sasa hivi: muda karibu wote unaishia kwenye kusoma faili.