Macho ya mwanangu mwenye ualbino yanacheza, hayatulii

Mama Kichanga: Jamani, mwanangu ana miezi minne, ana ualbino. Mimi na baba yake weusi tii, na mama mkwe ameshaanza maneno. Ngozi nimeielewa, namfunika kanga. Kinachoninyima usingizi ni macho: yanakwenda kulia kushoto kama anafuata mpira, na nikitoka naye juani anayafumba kabisa. Anapofuka?

Mama Darasa la Tatu: Hapofuki, shoga. Wangu yalicheza hivyo hivyo, yakapungua, hayakuisha. Rangi iliyokosekana kwenye ngozi imekosekana na ndani ya jicho, ndiyo maana mwanga unamuumiza na vya mbali havioni vizuri. Miwani imemsaidia kiasi tu. Kilichomwokoa ni dawati la mbele (mwalimu wa kwanza alimwita mvivu wa kunakili, nilikwenda shuleni nimejifunga kibwebwe). Kofia pana, mikono mirefu, na losheni ya kinga ya jua ya Kilisun inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi. Mafuta ya nazi si kinga ya jua, usidanganywe.

Muuguzi Mstaafu: Kwa miezi minne losheni subiri kwanza, tumia kivuli na nguo. Mpeleke kliniki ya macho mapema. Na mama mkwe aelezwe: vinasaba vimetoka kwenu wote wawili, wewe na mwanawe. Kila mimba yenu, nafasi ya mtoto kuwa na ualbino ni 1 kati ya 4.

Mama Kichanga: Asanteni. Hiyo ya "na mwanawe" namsomea leo jioni, kwa sauti.